Noah, Alphard au Serena kwa familia ya watu wanane Pemba

Swali: Assalamu alaykum fundi. Mimi niko Wete, Pemba. Nina mke na watoto watano, na tunaishi na bimkubwa wangu, mama yangu. Magoti yanamsumbua, na kila mwezi nampeleka hospitali Mkoani. Nimejikusanya kidogo kidogo, sasa nataka gari ya familia. Mke wangu anataka Alphard ya Toyota. Kaka yangu yuko Unguja ana Serena ya Nissan, anasema hakuna gari kama hiyo. Jirani yangu ana Noah ya Toyota ya mwaka 2004, anataka ninunue kama yake. Kila baada ya Isha tunabishana barazani na hatufiki popote. Wewe unayezifungua hizi gari, niambie ipi bora. Na je, niagize Japani au nichukue iliyokwishatumika Unguja?

Jibu: Wa alaykum salaam, ndugu yangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Kabla ya kufika kwenye majina ya gari nilisimama kwenye hesabu: wewe, mkeo, watoto watano na bimkubwa. Watu wanane kamili. Hapo sehemu kubwa ya ubishi wa barazani imekwisha, maana Alphard nyingi unazoziona Unguja zikipokea wageni uwanja wa ndege ni za siti saba. Katikati zina viti viwili vikubwa vilivyoachana, kila kimoja unaweza kukilaza ukapata usingizi. Ni raha ya kweli. Lakini kwenu nyinyi mtoto mmoja atakuwa hana kiti wala mkanda, kila siku, na atabebwa mapajani mpaka akue. Alphard za siti nane zipo, ila lazima uzitafute kwa makusudi, na ukiipata uhesabu mikanda, usihesabu viti.

Nikupe jibu kwanza, sababu zitafuata. Kwa maisha uliyonieleza, tafuta Noah ya siti nane, au Voxy ambayo ni pacha wake, ya toleo lililoanza katikati ya mwaka 2007 likaishia mwanzo wa 2014. Mfuko ukiruhusu, chukua toleo lililofuata, la kuanzia 2014, kwa ajili ya magoti ya bimkubwa. Serena naiweka ya pili. Alphard sikushauri kwa Wete. Na Noah ya miaka ya jirani yako sikushauri kabisa, hata akikuuzia kwa bei ya kutupa.

Barazani watu huzilinganisha gari kutoka siti ya dereva. Utasikia hii inavuta, ile usukani wake mwepesi, nyingine taa zake zinapendeza usiku. Mimi nikiulizwa gari ya familia, naingia nakaa siti ya mwisho kabisa, nafunga mlango, namwambia mwenyewe aendeshe. Huko nyuma ndiko watoto wako watakakokaa wakienda skuli, na ndiko atakakokaa shangazi mkienda harusini Konde. Dereva ana hewa mbele ya uso wake, ana kioo kikubwa, ana pa kuweka miguu. Wa nyuma ana kile tu ambacho mtengenezaji na mmiliki wa mwanzo walimbakishia. Dakika ishirini za kukaa pale zitakufahamisha zaidi kuliko wiki nzima ya baraza: magoti yako yanafika wapi, hewa ya baridi inakufikia au haikufikii, gari inalia wapi ikipita kwenye shimo, na moshi unaingia au hauingii.

Pengine umeona kwamba Noah, Serena na Stepwgn ya Honda zinafanana kimo mpaka mtu wa mbali hazijui. Sababu yake ni sheria ya Japani. Kule gari ikiwa haizidi urefu wa mita 4.70, upana wa mita 1.70 na injini ya cc 2000, inaandikishwa katika daraja la gari ndogo. Basi kampuni zote zimejibana ndani ya kipimo hicho. Noah ya kawaida ya toleo ninalokutajia ina upana wa mita 1.695, yaani wameacha nusu sentimita tu. Kwetu sisi kipimo hicho ni neema. Kinapita kwenye njia zetu za mitaani, kinaegeshwa penye nafasi ndogo. Alphard ya toleo la pili, lile la 2008, ina upana wa mita 1.83 na uzito unaoizidi Noah kwa kilo 300 hivi. Kilo hizo unazipandisha kila mlima wa Pemba kwa mafuta yako mwenyewe, na kila mwezi ZURA, mamlaka ya nishati na maji ya Zanzibar, wanapotangaza bei mpya utazikumbuka. Na injini yake ndogo kabisa ni cc 2400. Ushuru wa bidhaa hupanda injini ikishavuka cc 2000, kwa hiyo hilo pia litakugusa ukiagiza.

Sasa bimkubwa. Mtu mwenye magoti mabovu usimweke nyuma, na mbele pia si pake, kwa sababu mlango wa mbele wa gari hizi ni wa juu na lazima ageuke huku anajivuta. Pahala pake ni siti ya katikati upande wa kushoto, mlango wa kusukuma. Tunaendesha kushoto kama Wajapani, kwa hivyo mlango ule unafungukia pembeni ya barabara, si penye gari zinazopita. Anashika mkono wa juu, anaweka mguu kwenye kidaraja, anakaa. Toleo la Noah la 2014 lilishushwa sakafu, na tofauti yake unaiona kwa macho: mzee anaingia kwa hatua moja fupi badala ya kupanda. Ndiyo maana nimesema ukiweza, chukua hilo. Usipoweza, nenda kwa fundi wa kuchomea akutengenezee kidaraja cha chuma cha kuning'inia chini ya mlango. Nimeona wazee wengi wakipanda kwa raha namna hiyo.

Serena ina jambo moja zuri sana ambalo kaka yako hakukosea kulisifu. Katika toleo la kuanzia mwishoni mwa 2010, kile kiti kidogo cha kati cha safu ya pili kinasogezwa mpaka katikati ya viti vya mbele. Kikiwa mbele si cha kukalia, kinakuwa pahala pa kuwekea vitu kati ya dereva na aliye pembeni yake, na huku nyuma panabaki njia ya kupita. Vioo vyake ni vikubwa na watoto hawatapiki ovyo, kwa sababu wanaona nje. Kama gari ya kukaliwa, Serena haina pungufu mbele ya Noah. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya Wete. Kabla hujanunua gari yoyote, nenda kwa fundi wako wa hapo Wete umuulize amefungua ngapi za aina hiyo na spea zake anazipata wapi. Noah zimekaa visiwani miaka mingi. Bushi, boljointi, pedi za breki, koili, taa, mpaka kioo cha pembeni, mtu anakupatia siku hiyo hiyo, au vinakuja na boti ya kesho. Gari ambayo kila kitu chake kidogo lazima kitafutwe Dar itakuwa imelala uani wakati watoto wanakwenda skuli kwa miguu.

Nije kwa ile ya jirani yako, nami nasema kwa heshima yake. Noah ilipobadilishwa mwaka 2001 ikawa ya kuvuta kwa tairi za mbele, ilipewa injini ya cc 2000 ambayo sote gereji tunaiita D4. Katika injini ya kawaida ya miaka ile, petroli humwagwa nje ya valvu, halafu inaingia pamoja na hewa, na inapopita inaziosha valvu. D4 humwaga petroli ndani ya silinda moja kwa moja. Ilikusudiwa kubana mafuta, na gari ikiwa mpya inabana kweli. Lakini valvu za kuingiza hewa hazioshwi na chochote. Moshi unaorudishwa kutoka kwenye ekzosi, pamoja na mvuke wa oili, hujenga masizi juu yake mwaka hadi mwaka. Ukifungua manifoldi, yaani mabomba ya kuingizia hewa, utaona tundu ambalo kidole gumba kilikuwa kinapita limebaki kama la kalamu, na masizi yake ni magumu mpaka uyakwangue. Juu ya hayo ina pampu ya mafuta ya mgandamizo mkubwa, na pampu hiyo haivumilii petroli yenye maji au vumbi. Gari inaanza kutetemeka ikisimama kwenye taa, mara inazima, mara taa ya injini inawaka. Wako watu wanaziweza, wanazisafisha kila mwaka na zinatembea. Ila mtu mwenye mzee wa kumpeleka hospitali kila mwezi asijiingize huko.

Zile Noah za kale zaidi, za 1996 mpaka 2001, zenye injini chini ya viti vya mbele na kuvuta kwa tairi za nyuma, zilikuwa gari za nguvu kwa milima. Nazipenda mpaka leo. Lakini nyingi zina mlango mmoja tu wa kusukuma, joto la injini linampanda dereva mapajani, na kwa umri wake bodi imeshaliwa. Tuziache.

Injini ya toleo ninalokushauri, lile la 2007 hadi 2014, haina D4. Ina cheni badala ya mkanda wa mpira, na za mwanzo za daraja la kawaida ndizo nyepesi zaidi kwa fundi. Za juu zaidi zina mtambo wa kubadilisha kina cha valvu kufunguka, unaoitwa Valvematic. Ni mzuri ukiwa mzima, ila ukiharibika hautaki fundi wa kubahatisha. Angalia pampu ya maji kama kuna alama za waridi au nyeupe zilizokauka, maana hapo ndipo zinapoanzia kuvuja. Ukiamua Alphard ya cc 2400 licha ya niliyoyasema, basi upime oili ya injini kila wiki kwa mkono wako. Injini ile inajulikana duniani kote kwa mambo mawili: kula oili, na nyuzi za bolti za silinda hedi kulegea kwenye bloku. Ukinunua moja ambayo rejeta inapungua maji bila kuonekana pa kuvuja, umenunua kazi kubwa.

Haya yote ni madogo mbele ya gia.

Gari nyingi za kisasa katika hizi tunazozisema zina gia za CVT. Ndani hakuna gia moja, mbili, tatu. Kuna puli mbili na mkanda wa chuma kati yake, uliopangwa vipande vidogo vidogo mamia. Puli zinajibana na kujiachia, mkanda unapanda na kushuka, na mwendo unabadilika bila kushtuka. Kinachofanya mkanda ule usiteleze ni mgandamizo pamoja na oili maalumu, iliyotengenezwa ili chuma kishike chuma bila kusagana. Toyota wana oili yao, iliyoandikwa TC au FE kwa kufuata toleo, Nissan wana NS-2 na NS-3. Ile oili nyekundu ya gia za kawaida za oto si mbadala wake. Hata kidogo.

Aliwahi kuja kwangu baba mmoja na gari ya familia ya aina hizi, jina lake halina haja. Analalamika kwamba ikipanda mlima inanguruma sana na haiendi, kisha inatetemeka kama iliyokanyaga matuta. Alikuwa ameshabadilisha plagi, koili, na mauntingi zote. Niliiweka juu, nikafungua nati ya chini ya gia. Oili iliyotoka ilikuwa nyekundu iliyokwisha kuwa kahawa, nikaipaka kwenye karatasi nyeupe ikaacha doa lenye ukingo mweusi, na harufu yake ilikuwa ya kitu kilichoungua. Nikashusha sampu, ile sahani ya oili iliyo chini ya gia. Ndani yake mna sumaku ndogo za duara kazi yake kunasa chembe za chuma. Gari isiyo na tatizo huwa na unga wa kijivu mwembamba tu juu ya sumaku, kama jivu la udi. Zile zilikuwa zimevimba kwa tope la chuma, na nilipolisugua kwa vidole nilihisi punje. Mkanda ulikuwa umeshaanza kuzila puli. Gereji moja, miezi minane nyuma, ilikuwa imemwekea oili nyekundu kwa kuwa ilikuwa nafuu na ndiyo iliyokuwepo siku hiyo. Baba yule alitoa pesa ya gia nzima ya mtumba kwa ajili ya tofauti ya bei ya makopo manne ya oili. Alikuwa na watoto wanne nje wanamngoja kwenye kivuli cha mwembe, na mimi sikuwa na neno la kumwambia lililokuwa jema.

Ndiyo sababu nakuomba, gari yoyote utakayoinunua, kazi ya kwanza iwe kumwaga oili ya gia na kuweka inayostahiki, ununue wewe mwenyewe kopo likiwa limefungwa. Gari nyingi za namna hii hazina kijiti cha kupimia gia kama cha injini. Kiwango hupimwa kwa kufungua nati ya pembeni au ya chini, injini ikiwa inawaka na oili imefika joto lake. Fundi akikuambia atakadiria kwa macho, chukua ufunguo wako. Baada ya hapo badilisha kila kilomita 40,000, na kwa milima yenu mimi ningesogeza iwe 30,000. Kitabu kinaweza kukupa namba kubwa kuliko hiyo, lakini kitabu kiliandikwa kwa Japani yenye baridi na gari yenye watu wanne. Wewe una wanane, na msimu wa karafuu utatia na magunia.

Nimetaja karafuu, basi nikuambie wazi: watu wanane wakishakaa, nyuma ya siti ya mwisho hubaki nafasi ya mabegi mawili ya skuli yaliyosimamishwa. Katika Noah siti za mwisho hukunjwa zikainuliwa pembeni, kushoto na kulia, na sakafu yote ikawa wazi, na hapo magunia yanaingia vizuri. Lakini ni ama watu ama magunia. Usiwaketishe watoto juu ya mizigo. Na ukumbuke mgongo wa siti ya mwisho uko karibu sana na mlango wa buti, kwa hivyo watoto wa pale wafungwe mikanda hata kama ni safari ya hapa mpaka sokoni. Gari nyingi za miaka hiyo, siti ya kati ya nyuma ina mkanda wa kiunoni tu. Mweke hapo aliye mkubwa kidogo, asiwe mdogo kuliko wote.

Jambo jingine ambalo barazani halitajwi ni chumvi. Kisiwa chetu hakina pahala palipo mbali na bahari. AC ya nyuma katika gari hizi ina mabomba yanayotoka mbele kwenye injini, yanapita chini ya sakafu mpaka nyuma. Maji ya chumvi na tope la masika yanayapiga kila siku. Yanatobolewa tundu dogo kama la sindano, gesi inaondoka, na mwenye gari anajaza gesi kila baada ya miezi mitatu akidhani kompresa imechoka. Wengine wakishachoka hukata mabomba ya nyuma na kuyaziba, mbele panapoa, nyuma watu wanaiva. Gari ya namna hiyo ukiijaribu ukiwa dereva hutaijua. Kaa nyuma, washa swichi ya AC ya nyuma, weka kiganja kwenye tundu la dari mpaka dakika tano zipite. Kama hewa ni ya feni tu, lala chini utazame mabomba.

Na ukishalala chini, tazama yote. Piga kwa kifundo cha kidole pembezoni mwa sakafu, chini ya milango ya kusukuma, pale maji ya mvua yanaposimama. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kwa sauti ya kadibodi. Rangi nyeusi mpya iliyopakwa chini kote, tena ikiwa imerukia mpaka kwenye mabomba na nati, imefunika kitu. Fungua na ufunge kila mlango wa kusukuma mara tano. Mchanga mweupe wa pwani ukishaingia kwenye reli, gurudumu dogo la mlango linasagika, na mlango wa umeme unaanza kusita katikati, kisha waya wake unakatika. Mlango ule ndio mlango wa bimkubwa. Ukiinunua, kila wiki futa reli kwa kitambaa kikavu, na ukipita karibu na bahari osha chini kwa maji ya bomba.

Umeniuliza Japani au Unguja. Kule gari mpya hukaguliwa na serikali ikifika miaka mitatu, halafu kila miaka miwili, na ukaguzi ule una gharama. Ndiyo maana Mjapani huuza gari ambayo kwetu ingali nzuri. Faida ya kuagiza ni kwamba chini yake haijaonja chumvi yetu. Hasara yake ni kwamba hutakaa siti ya nyuma kabla ya kulipa. Kwa hiyo dai karatasi ya mnada, ile ya ukaguzi inayoandikwa gari inaponadiwa kule, yenyewe, sio maelezo ya muuzaji. Gari iliyopigwa ikatengenezwa sehemu kubwa huandikwa herufi R badala ya namba ya daraja, na mchoro wa bodi unaonyesha kila palipo na kasoro na kutu. Uliza pia kwa maandishi: siti ngapi, AC ya nyuma ipo au haipo. Na uthibitisho wa siti nane upo kwenye karatasi za usajili wake za Japani, namba ya watu imeandikwa.

Ya Unguja ina faida ya kuijaribu. Ukienda, fungua mlango wa dereva utazame ukingo wa bodi. Mara nyingi hubaki stika ndogo ya Kijapani ya kubadilisha oili, ina tarehe na kilomita. Ikisomeka kilomita 118,000 na dashibodi inakuambia 84,000, rudisha ufunguo uondoke. Tairi zina namba nne pembeni, mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka; tairi yenye 1216 ilitengenezwa wiki ya 12 ya mwaka 2016, haifai kubeba watoto hata ikiwa na maua. Redio ya Kijapani ya miaka hiyo inaishia 90, stesheni zilizo juu hutazipata mpaka uongeze kifaa. Hilo lisikutishe, ni kazi ya dakika chache.

Ningekuwa mimi, ningemtuma kaka yako anitafutie Unguja kwanza kwa mwezi mmoja. Yeye anaijua Serena yake, kwa hiyo ana jicho la gari za mlango wa kusukuma. Akipata Noah mbili za kufaa, uje mwenyewe. Njoo na boti ya asubuhi, uziendeshe wakati injini zimelala baridi tangu usiku. Mwambie mwenye gari asiiwashe kabla hujafika, halafu gusa boneti ujue kama amekutii. Iendeshe dakika arobaini, usimamishe, uitie gia ya nyuma na ya mbele mara kadhaa. CVT mbovu hujificha ikiwa baridi, hujitokeza ikishapata moto. Unguja hatuna milima kama yenu, basi ikifika Pemba ipandishe kutoka bandarini Wete mpaka mjini juu ikiwa na watu wote wanane, na kama mwenye gari ni muungwana mtakubaliana sehemu ya pesa ibaki mpaka siku hiyo.

Na ukija, njoo na bimkubwa. Mtafutie siti nzuri kwenye boti, mfikishe mpaka penye gari, kisha wewe ukae pembeni usimshike mkono. Mwache afungue mlango mwenyewe, apande, akae, avute mkanda, halafu ashuke. Umuulize magoti yanasemaje.